Nyuki Asiye na Mwenyewe



Yako maswali ambayo mwalimu huulizwa akajibu papo hapo, kwa kuwa jawabu limo kitabuni. Na yako mengine ambayo jawabu la kitabuni ni sahihi kabisa, lakini moyo hautulii nalo. Leo nataka tutazame moja la namna hiyo ya pili. Kiumbe asiye na mwenyewe, asiyefugwa na mtu wala kununuliwa, ukimwua pasipo haja, ni nani uliyemdhulumu?

Mwaka 2011 nyuki waliingia katika chuo chetu huko Mbagala, wilaya ya Temeke. Walijipachika juu, baina ya ukuta na bati, wakajenga masega yao. Walikaa pale wiki kadhaa, hawana habari na mtu, nasi hatuna habari nao. Siku moja mtoto akawatupia kokwa la embe. Akaumwa, uso ukamvimba, na jioni wazazi wakanijia juu. Usiku ule ule nikawapa vijana ruhusa. Wakafunga matambara kwenye upondo, wakayachovya mafuta ya taa, wakawachoma nyuki wote. Asubuhi tulizoa mizoga yao kwa beleshi, kisha tukafungua misahafu. Wanafunzi wakubwa wakati huo walikuwa katika juzuu ya kumi na nne, na ndani ya juzuu hiyo imo Suratun Nahl, yaani Sura ya Nyuki.

Chini ya chuo liko bonde literemkalo kuelekea mto Mzinga (na mzinga, kama ujuavyo, ndiyo nyumba ya nyuki). Huko bibi mmoja mjane alikuwa akilima maboga na matango, ndiyo riziki yake na ya wajukuu wake. Haukupita mwezi akanijia barazani. "Maalim," akasema, "maboga yangu mwaka huu yametoa maua kuliko mwaka jana, lakini kila kiboga kikifika ukubwa wa ndimu kinageuka manjano na kudondoka. Nisomee dua." Alidhani ni husuda. Nami nikamsomea.

Baada ya siku chache akapita bwana shamba, akaombwa atazame, nami nilikuwapo. Akachuma ua moja refu la boga, akatuonyesha kwamba halina kitoto chini yake: hilo ni dume. Jingine lina kiboga kidogo shingoni: hilo ni jike. Unga wa manjano wa ua dume, ambao wataalamu wauita chavua, ni lazima uchukuliwe na kupakwa katika ua jike, na ua lenyewe hufunguka alfajiri likajifunga kabla ya adhuhuri ya siku hiyo hiyo. Lisipopata mchukuzi katika saa hizo chache, kile kiboga hufa. "Bibi," akasema, "hapa hakuna husuda. Hapa hakuna nyuki." Kisha akamfundisha kulisugua ua dume ndani ya ua jike kwa mkono wake, ua kwa ua. Bibi akacheka. "Kwa hiyo sasa nyuki ni mimi?"

Mimi nikatazama chini.

Sitaki, ndugu msomaji, nikutie katika uwongo. Sisemi kwamba nyuki wa bati letu ndio peke yao waliokuwa wakilihudumia bonde zima. Viwanja vilikuwa vimekwisha katwa pande zote, vichaka vimefyekwa, na wenye bustani za mchicha walikuwa wakipiga dawa ya wadudu mchana kweupe. Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 843,090 katika hesabu ya mwaka 1978. Katika hesabu ya mwaka 2022 walikuwa 5,383,728. Watu wote hao wamejenga mahali, na mahali hapo palikuwa na mikorosho, mibuyu na magugu yenye maua. Lakini mwizi wa kumi hasameheki kwa kuwa waliiba tisa kabla yake.

Sasa turudi katika swali letu. Lau ningelimwua kuku wa yule bibi, kila mtoto wa chuo anajua kwamba ningelipasa kumlipa. Lakini nyuki wa porini, kwa mujibu wa fiqhi yetu, hana mmiliki mpaka mtu amtie katika mzinga wake. Basi hakimu angelisema sidaiwi kitu. Bibi hakunyang'anywa mali, na maboga ambayo hayakuzaliwa hayawezi kuhesabiwa. Hukumu hiyo naikubali, maana hakimu wa dunia huhukumu kwa yaliyo dhahiri. Lakini tazama jambo lilivyo: nyuki yule hakuwa wa mtu, na kazi yake ilikuwa ya watu wote. Alilala kwangu, akafanya kazi kwa bibi, na asali yake ingeliliwa na mtu wa tatu. Kwa kumwua ndani ya ukuta wangu niliingiza mkono katika shamba la jirani bila ya kuvuka uzio wake. Na madhara ya jirani, sote twajua Mtume wetu (s.a.w.) aliyakemea namna gani.

Iko na haki ya nyuki mwenyewe. Katika Suratun Nahl, aya ya 68, Mwenyezi Mungu Mtukufu ametaja alivyomfunulia nyuki afanye makazi yake milimani, na mitini, na katika majengo ya watu. Nimeisomesha aya hiyo miaka mingi, na lile neno la mwisho lilinipita kila mara. Nyuki aliyeingia katika bati letu hakuwa mvamizi. Alikuja na idhini iliyotangulia kibali changu cha kujenga. Tena Abu Daud amepokea kutoka kwa Ibn Abbas kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza kuuawa viumbe wanne, na nyuki ni mmoja wao, pamoja na mdudu chungu. Na Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha Nabii mmoja wa zamani aliyeumwa na mdudu chungu mmoja akaamuru kichuguu kizima kichomwe moto. Mola wake akamlaumu: ameumwa na mmoja, ameteketeza umma mzima unaomsabihi Mungu. Kisa hiki nakijua tangu ujana wangu. Nilikijua usiku ule pia, na upondo ukawashwa mbele ya macho yangu.

Labda utaniuliza: na yule mtoto je? Nyuki wetu wa Afrika si mzaha. Kundi lililochokozwa laweza kumwua mtu mzima, na mwenye chuo ni mchungaji wa watoto wa watu. Ni kweli, na maulamaa wana kanuni kwamba madhara huondoshwa. Ila wameongeza kwamba madhara hayaondoshwi kwa madhara mengine mfano wake. Nyuki huweza kuhamishwa. Wako watu wanaojua kazi hiyo, na nchi yetu ina Sheria ya Ufugaji Nyuki tangu mwaka 2002. Mara nyingi kundi ulionalo limening'inia tawini ni la wasafiri tu, wamepumzika, na baada ya siku moja au mbili wataondoka. Kosa langu halikuwa kumlinda mtoto. Kosa langu lilikuwa kuchagua njia iliyo nyepesi kwangu na nzito kwa kila mtu mwingine.

Wengine husema viumbe hawa watalindwa pindi watu watakapopata fedha kwao. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Kule Gede, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke katika pwani ya Kenya, ulianzishwa mwaka 1993 mradi uitwao Kipepeo: wanavijiji hulea viwavi, na mabuu yao huuzwa nchi za nje kwa nyumba za maonyesho. Wakulima wa Amani, katika Usambara Mashariki kwetu Tanga, nao wakafuata njia kama hiyo. Mwenye kuuza kipepeo huuona msitu kwa jicho jingine, na hilo ni jema. Lakini mwaka 2016 serikali ilipozuia kusafirisha nje wanyama pori walio hai, soko la wale wa Amani lilifungwa. Je, siku ile kipepeo alipungukiwa na haki yake? Aliyemlinda kwa bei tu angelikuwa na ruhusa ya kumponda bei ilipoondoka. Kipepeo wa Mbagala au wa Bunju hajapata kuwa na bei hata siku moja.

Na sisi wa pembezoni mwa mji twawaua wengi bila hata kuwachukia. Yule kiwavi aliye juu ya mndimu, mdogo wake kama kinyesi cha ndege na mkubwa wake kijani, ndiye atakayekuwa kipepeo mkubwa mweusi mwenye mabaka ya manjano. Mndimu uliokwisha komaa hauumizwi na viwavi wachache. Mpapai dume tunaukata kwa kuwa hauzai, kana kwamba mpapai jike wa jirani unazaa peke yake. Usiku nondo wakubwa hutoka katika maua ya dume wakaenda katika maua ya jike. Huko Kenya wataalamu walichunguza mipapai wakakuta kazi hiyo ni ya nondo hao, na kwamba shamba lililo karibu na pori hutembelewa zaidi. Mbuyu nao hufungua maua yake usiku, popo wakaja. Na wa bustani za mchicha, wanaopiga dawa saa nne asubuhi wakati maua ya jirani yako wazi, wangelipiga jioni wasingelipungukiwa na kitu.

Lakini mahali ninapopafikiria zaidi ni makaburini. Katika mitaa yetu mingi, makaburi ndiyo ardhi pekee iliyobaki haijajengwa, na humo bado yamo maua ambayo hayaonekani tena kwingine. Nasi kila ukikaribia mwezi wa Ramadhani twafanya msaragambo, twafyeka, kisha twatia moto. Mtume (s.a.w.) alipopita penye makaburi mawili aliweka juu yake vipande vya kuti bichi, akitaraji wepesi kwa waliomo madamu hayajakauka. Sasa sisi tunaokiteketeza kibichi kilichojiotea chenyewe twamfuata nani? Njia na ifyekwe, kaburi na litambulikane, na magugu ya pembeni yaachwe yatoe maua.

Katika Suratun Naml yule mdudu chungu aliwaonya wenzake waingie majumbani mwao, wasije wakapondwa na Nabii Sulaiman na majeshi yake. Akaongeza kwamba majeshi hayo yangefanya hivyo bila ya kujua. Yaani mdudu aliwapa udhuru watu ambao bado hawajamkanyaga. Nimeutafuta udhuru huo kwa ajili yangu nisiupate, maana mimi nilijua.

Nilikwenda kwa bibi, nikamweleza, nikampa fedha kidogo. Fedha alizikataa. Alisema mkono wake unamuuma asubuhi na maua hayamngoji. Basi msimu uliobaki, baada ya Swala ya Alfajiri, wanafunzi wanne kwa zamu waliteremka bondeni kuoza maua, na yule aliyetupa kokwa aliwekwa katika zamu ya kwanza. Yalishika maboga kumi na saba.

Nyuki hawakurudi katika bati letu mpaka mwaka 2014. Tukamwita mfuga nyuki kutoka Kisarawe, akaja usiku na moshi na mzinga wake, akawachukua karibu wote. Hakuumwa mtoto yeyote. Niliumwa mimi, kidole cha shahada, kwa kutaka kusogea nione.