Kesi ya nyumba ya urithi: gharama alipe nani?



Ndugu yangu Muislamu, katika darsa ninayosomesha baada ya Maghrib, maswali ya mirathi hayaishi. Mafungu watu wanayajua. Wanachouliza ni hiki: tumeshtakiana juu ya nyumba aliyoacha mzee, kesi imekwisha, wakili, mthamini na ada za mahakama alipe nani?

Nasema gharama hizi si za aina moja, na kuzichanganya ndiko kunakozaa dhulma.

Kwanza, gharama za kugawa. Mthamini anafanya kazi ya wote. Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu tunachokitegemea sana sisi Mashafii, ameeleza kuwa wenye mali wasipopatana vingine, ujira wa mgawaji hulipwa kwa kadiri ya mafungu. Tuchukue mfano: marehemu ameacha mke, wana wa kiume 3 na binti 1. Mke ana 1/8, binti 1/8, na kila mwana wa kiume 2/8. Mthamini akitaka shilingi 800,000, mama atatoa 100,000, binti 100,000 na kila kaka 200,000. Lakini majumbani kwetu husemwa, "Tuchange sawa", yaani 160,000 kila mmoja. Ajabu gani hii! Kwenye kupokea tunahesabu mafungu, kwenye kulipa tunahesabu vichwa.

Pili, gharama za ugomvi. Hapa nazungumzia kaka aliyekalia nyumba, anapokea kodi za wapangaji, na hampi mtu haki yake mpaka dada yake anapanda ngazi za mahakama. Katika hadithi ya Bukhari na Muslim, Mtume (SAW) amefundisha kuwa mwenye uwezo kuchelewesha haki ya mtu ni dhulma. Naye Ibn Taymiyya akaona kuwa mdaiwa mwenye uwezo akichelewesha hadi mdai akalazimika kushtaki, alichotumia mdai kwa kiasi cha kawaida kiko juu ya mcheleweshaji. Hata Sheria yetu ya Mwenendo wa Madai haiko mbali: gharama ziko katika hiari ya mahakama, kwa kawaida hubebwa na aliyeshindwa, na hakimu akiamua vingine aandike sababu.

Baya kuliko yote ni kumlipa wakili kwa kodi ya nyumba hiyo hiyo. Maana yake mama na dada wananunua panga la kuwakatia wenyewe.

Lakini aliyeshinda naye asijisahau. Mtume (SAW) ametutahadharisha kuwa huenda mmoja akawa hodari wa kujieleza, akahukumiwa haki ya nduguye, kumbe amekatiwa kipande cha moto. Basi hukumu ikikupa nyumba na gharama juu yake, na wewe moyoni unaujua ukweli, usipokee.

Na kama kila upande ulikuwa na shaka ya kweli, hakuna aliyekusudia kudhulumu, kila mtu abebe zake, mshikane mikono. Katika Surat Swaad tunasoma kuwa washirika wengi hudhulumiana, isipokuwa walioamini na kutenda mema, nao ni wachache. Tujitahidi tuwe katika wachache hao.

Wallahu a'alam.