Je, Mwenye Moyo Mwema Asome Tena Haki na Kosa?

Siku hizi wako waganga waliokwisha kupata shahada yao, nao hurudi chuo kikuu mwaka mmoja au miwili. Hawarudi kujifunza kupasua wala kupiga sindano. Hujifunza neno moja tu: lipi ni haki kumtendea mgonjwa, na lipi ni kosa. Mtu wa kijiji akisikia hayo hucheka. Husema: Je, mama yake hakumfundisha? Mwenye dhamiri njema ataongezewa nini na kitabu?

Swali hilo si la kipumbavu. Mwenye moyo mbaya hataponywa na masomo. Lakini tazameni jambo lililotokea katika nchi yetu wenyewe, huko Kivu ya Kaskazini.

Mwezi wa Novemba 2018, Ebola ikiwa inaua watu huko Beni, waganga walianza kupima dawa tatu, na baadaye ikaongezwa ya nne. Moja, iitwayo mAb114, asili yake ni damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995. Hakuna aliyejua ipi kati ya zile nne itashinda. Basi mgonjwa alipopokelewa, aliyemchagulia dawa hakuwa mganga, wala jamaa yake, ilikuwa kura.

Wengi watasema: Ukatili gani huo! Uhai wa mtu si nyama ya kugawanywa kwa kura. Mganga mwema ampe mgonjwa ile anayoidhani bora. Hata mimi nilisema hivyo kwanza. Lakini kudhani si kujua. Mganga akifuata dhana yake, atawapa wenye nguvu dawa hii, na wanaokaribia kufa dawa ile. Mwishoni, wakihesabiwa waliopona, nani atasema kama ni dawa iliyowaokoa, au nguvu zao wenyewe? Na wagonjwa wa kesho watatibiwa kwa kubahatisha vilevile. Kura haimpendelei mtoto wa chifu. Tena hakuna aliyeachwa bila dawa yoyote kati ya zile nne.

Walakini kura ya namna hiyo ni haki kwa muda tu, yaani maadamu hakuna anayejua kweli. Kwa sababu hiyo waliwekwa watu wengine, wasiowauguza wagonjwa wale, wachungue hesabu. Mwezi wa Agosti 2019, wagonjwa 681 walipokuwa wamekwisha kuingia, ilionekana wazi: kati ya watu mia waliopewa mAb114 au REGN-EB3, walikufa karibu 35, kwa dawa mbili nyingine walikufa karibu 50 au kupita. Zile dawa mbili nyingine zikaondolewa katika kura mara. Kuendelea nazo baada ya kujua kungekuwa kuua.

Mwaona basi: moyo mwema peke yake ungalikataa kura siku ya kwanza, na pengine ungalisahau kuziondoa dawa zilizoshindwa siku ya mwisho.

Liko neno jingine, gumu kuliko hilo. Kila mgonjwa, au mlezi wake, aliombwa ridhaa. Lakini anayewaka homa anaelewa nini katika karatasi anayosomewa? Na kati ya wagonjwa walikuwamo hata watoto wachanga wa siku chache, waliozaliwa na mama wenye Ebola. Mama mwenyewe amelala hajitambui, baba amekwisha kuzikwa. Nani atamsemea mtoto yule? Mjomba aliye mbali? Mganga mwenyewe, ambaye ndiye anayetaka kupima dawa? Juu ya hayo wanafunzi wale hubishana mpaka usiku, nami siwacheki tena.