Kwa Nani?

Kiswahili kina neno fupi sana la kumgeuza mtu kuwa mahali: kwa. Twende kwa bibi. Amelala kwa shangazi. Hujataja nyumba wala chumba wala uwanja. Umemtaja mtu tu, na msikilizaji ameshajua pa kwenda. Makonda wa daladala za Dar es Salaam hulitumia neno hili kutwa nzima. Sinza kwa Remmy. Tandale kwa Mtogole. Mtoni kwa Azizi Ali. Majina ya namna hii hayasubiri kikao. Abiria mmoja huomba ashushwe kwa fulani, wa pili huomba hivyohivyo, na baada ya miaka konda hupaza jina la mtu ambaye nusu ya waliomo garini hawajawahi kumwona.

Niko mwaka wa pili wa shahada ya umahiri, na tasnifu yangu inahusu jambo ambalo msimamizi wangu hulitilia shaka kila tukikutana: moyo wa jiji. "Utaupimaje?" huniuliza. Ni swali la haki. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Dar es Salaam watu zaidi ya milioni 5.3, na barabara zao zina kilometa zinazopimika. Moyo haupimiki hivyo. Kwa hiyo niliacha kutafuta kipimo, nikaanza kutafuta watu: wasanii, walimu, viongozi wa mitaa, wale ambao bila wao mji huu ungekuwa na majengo hayahaya lakini usingekuwa mji huu. Nilipoanza kuwapata, swali lilibadilika likawa la kimaadili. Watu hawa tunadaiwa nini nao?

Chukua Remmy Ongala. Alizaliwa Kindu, mashariki ya Kongo, mwaka 1947, akaja Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga muziki na Orchestra Makassy, kisha akaongoza Super Matimila. Aliimba habari za umaskini na kifo kwa Kiswahili ambacho mchuuzi wa Manzese alikielewa bila mkalimani. Wakati Ukimwi unaua na watu wanauzungumza kwa mafumbo, alitunga "Mambo kwa Soksi", wimbo kuhusu kondomu. Redio ya taifa ilikataa kuupiga. Watu wakaupata kwenye kanda na kumbini. Alifariki Desemba 2010, kituo kikabaki. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni alikaa mpaka akawa yeye ndiye mwenyeji, na sisi ndio tunaoshuka kwake.

Msomaji mwenye jicho kali atanipinga: konda hagawi nishani. Vituo vingine huitwa Mapipa, vingine Rangi Tatu, vingine jina la baa, na mapipa hayajamtendea mtu wema wowote. Tena mtu anaweza kupata kituo kwa sababu tu nyumba yake ilikuwa ya kwanza kuwa na ghorofa. Nakubali. Sisemi kwamba kila mwenye "kwa" ni mwema. Nasema kwamba neno hili linatunza habari moja ambayo vibao vya barabarani havitunzi: kwamba kulikuwa na watu waliokuwa wakienda huko.

Tuna kitenzi cha hali hiyo, nacho ni kuendewa. Kuendewa si sawa na kujulikana. Mtu anaweza kujulikana nchi nzima na asigongewe hodi na yeyote. Kujulikana hakuhitaji mlango. Kuendewa kunahitaji mlango, muda, na mara nyingi chai. Kizazi changu kimezoea kumpima mbunifu kwa idadi ya wafuasi, nami si mmoja wa wanaoidharau intaneti, maana nusu ya muziki ninaoupenda niliukuta humo. Lakini mfuasi wa leo hana haja ya kuinuka kitandani. Aliyekwenda kwa mtu alipanda gari, akapiga hodi, akaketi, akaonekana. Naamini moyo wa mji hutengenezwa zaidi na wanaoendewa kuliko na wanaojulikana, hata pale mtu mmoja anapokuwa yote mawili.

Edward Saidi Tingatinga ni mfano. Alitoka Tunduru, akahangaika na kazi mbalimbali, na mwishoni mwa miaka ya 1960 akaanza kuchora wanyama na ndege juu ya vipande vya hadibodi kwa rangi za mafuta za madukani. Picha ziliuzwa nje ya Morogoro Stores, Oysterbay. Alichora kwa miaka michache tu. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kwa kumdhania mtu mwingine, akafa. Angekuwa amechora peke yake, habari ingeishia hapo. Lakini vijana walikuwa wamemwendea, baadhi yao ndugu zake, naye alikuwa amewaonyesha namna ya kufanya. Hao wakawaonyesha wengine, wakaja kuunda ushirika, na jina la mtu mmoja likawa jina la mtindo mzima.

Ila kuna jambo linalonisumbua katika habari hii. Neno tingatinga, katika jiji hilihili, lina maana nyingine. Ukilitaja Oysterbay, mtu hufikiria chui na tausi wa rangi kali. Ukilitaja kwa watu waliojenga kwenye hifadhi ya barabara, watakimbilia kutoa vyombo nje. Nimekutana na wanafunzi wenzangu waliodhani picha zile zimeitwa hivyo kwa mlio wa neno tu, hawakuwahi kufikiri kwamba palikuwa na mtu. Jina linaweza kuishi vizuri kabisa bila mwenyewe. Basi tukidhani tumelipa deni kwa sababu jina lake lingali midomoni, tunajidanganya.

Labda jina la kuandikwa rasmi ndilo linalolipa? Hapo namfikiria Bibi Titi Mohamed. Kabla hajawa mwanasiasa alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba hapa Dar es Salaam. TANU ilipotaka wanawake mwaka 1955, yeye alijua walipo: kwenye vikundi vya lelemama, kwa wanawake waliokuwa wakichangiana na kuzikana muda mrefu kabla chama hakijazaliwa. Akawaendea, akawaomba. Chama hakikumpa watu. Watu alikuwa nao tayari. Mwaka 1970 alishitakiwa kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, na mwaka 1972 akaachiwa. Leo barabara kubwa katikati ya jiji ina jina lake. Dola iliyomfunga ndiyo iliyompa barabara. Siikejeli heshima hiyo. Ni afadhali barabara kuliko ukimya. Lakini kibao ni mkono wa mkubwa, na mkono wa mkubwa hufunguka na kufumba. Zaidi ya hapo, kibao hakisemi neno juu ya wale wanawake wa lelemama ambao bila wao Bibi Titi angekuwa na sauti nzuri tu.

Haya nayasema kwa kuwa niliona jambo hilohilo kwa udogo, Temeke, mtaani kwetu. Mwaka 2022, wakati wa operesheni ya anwani za makazi, kila njia ilihitaji jina na kila nyumba namba. Siku majina yalipojadiliwa, dada mmoja alipendekeza njia yetu iitwe kwa jina la bibi anayekaa nyumba ya tatu kutoka kisimani. Bibi huyu amewafundisha wasichana wa mtaa kuimba na kupiga ngoma za harusi tangu mama yangu hajaolewa. Sufuria kubwa za shughuli ziko kwake, viti viko kwake, na ugomvi wa wanandoa hufika kwake kabla haujafika kwa mwenyekiti. Mzee mmoja akauliza, bila ubaya, "Lakini amefanya nini hasa?" Kimya. Kila mmoja wetu alijua alichofanya, na hakuna aliyeweza kukitaja, kwa kuwa hakina cheo. Njia ikapewa jina la mti.

Mama alinituma nikamweleze, asije akasikia vibaya kwa watu. Nilimkuta barazani akichambua mchele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wamesemaje?"

Nikamweleza. Akacheka mpaka akaweka ungo chini. "Mti ni bora. Mti haugombani na mtu." Kisha akaacha kucheka. "Ila ukiwaona hao wa mkutanoni, waambie wanirudishie viti vyangu sita. Vilitoka hapa siku ya msiba wa yule fundi cherehani, mpaka leo sijaviona. Watu wakija kwangu wanakaa chini."

Nimelirudia jibu hilo mara nyingi kuliko kitabu chochote nilichopangiwa kusoma. Sisi tulikuwa tukijadili heshima. Yeye alikuwa akijadili viti. Nilianza kuona kwamba heshima, jinsi tunavyoitoa, inaweza kuwa njia ya kukwepa kurudisha viti. Tuna msemo wa kumsifu mtu wa aina yake: ni mtu wa watu. Usikilize vizuri. Unasema ni wa watu, kama kisima. Tukishamwita hivyo, hatuoni tena kosa kumgongea usiku wa manane, kumtumia bila malipo kwenye shughuli, kumpigia simu mchoraji atupambie ukumbi "kwa kujitolea, kaka, utajulikana." Mlango ulio wazi kwa wote ndio mlango ambao kila anayetoka hutoka na kitu. Kisha mtu wa watu anaugua, na watu wake wanakuwa hodari ghafla: kamati inaundwa, michango inapita kwenye simu, maturubai yanafungwa. Mji huu unajua sana kuzika. Laiti nusu ya bidii hiyo ingefika miaka miwili mapema.

Inawezekana kunijibu kwamba wema unaodai malipo si wema, na kwamba bibi alichagua maisha yake. Sehemu ya kwanza siikubali, kwa sababu yeye hakudai malipo. Alidai vitu vyake. Kuna tofauti kati ya kumlipa mtu kwa ukarimu wake na kumwachia uwezo wa kuendelea kuwa mkarimu. Bila viti hawezi kupokea wageni, na asipopokea wageni mtaa unapoteza kitu ambacho hakuna jina la njia litakalokirudisha. Sehemu ya pili ni kweli, alichagua. Lakini alichagua kuendewa, hakuchagua kumalizwa.

Kwa hiyo jibu langu kwa msimamizi, kama nililofikia mpaka sasa ni jibu, ni hili. Moyo wa jiji una alama mbili ambazo mtafiti anaweza kuziulizia mlango kwa mlango. Ya kwanza: hapa watu huenda kwa nani? Waulize watoto, wauza maji, bodaboda. Hawatakutajia wakubwa peke yao. Ya pili ni ngumu zaidi: walioendewa wamerudishiwa nini? Kanda ya nani inauzwa na nani, mtindo wa nani unapamba hoteli ya nani, viti vya nani viko uani kwa nani. Mtaa wenye majibu ya swali la kwanza tu una moyo, lakini unaula wenyewe.

Sina mamlaka ya kubadili jina la njia yetu, na bibi mwenyewe ameshaufurahia mti wake. Nilichoweza kufanya ni kupita nyumba kwa nyumba na daftari, kama ninavyofanya kwenye utafiti, nikiulizia viti vya plastiki vya buluu vilivyotiwa alama ya msalaba mweupe chini. Wawili walikasirika. Mmoja alinitolea kiti alichokuwa amekikalia, akabaki amesimama. Vinne vimerudi barazani. Viwili bado.