Mabinti Watano na Fungu la Baba Yao

SABATO ALASIRI

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Hesabu 26:33, 51–55, Hesabu 27:1–11, Hesabu 36:1–12, Yoshua 17:3–6, Ayubu 42:13–15, Marko 7:9–13, Marko 12:38–40, Wagalatia 3:26–29.

Fungu la kukariri: Hesabu 27:7. Darasa zima lilisome kwa pamoja.

Msiba unapotokea, kanisa hufika. Kwaya huimba, akina mama wa Dorkasi hupika, mashemasi huchota maji, na mchungaji huhubiri tumaini la ufufuo. Jeneza hushushwa kaburini, maua huwekwa, waumini hurudi makwao. Siku chache baadaye matanga huanuliwa na wazee wa ukoo huketi. Katika kikao hicho huamuliwa nani atalima shamba, nani atachukua ng'ombe, na mjane atakaa wapi. Mara nyingi kikao hicho hufanyika kanisa likiwa limeshaondoka.

Kwa dada wengi, msiba wa pili huanzia hapo. Binti aliyemuuguza baba yake kwa miaka huambiwa kwamba yeye ni mtu wa kuolewa, kwa hiyo ardhi haimhusu. Mjane aliyepanda migomba kwa mikono yake huambiwa kwamba alikuja na kanga zake, basi aondoke nazo. Na anayetamka maneno hayo huenda akawa mzee wa kanisa, yule yule aliyeomba kaburini.

Biblia ina habari ya mabinti watano walioleta shauri la ardhi mbele ya taifa zima. Juma hili tutajifunza walichosema, Mungu alichojibu, na wajibu wa kanisa mahali ambapo mila inamnyima mwanamke haki yake.

JUMAPILI
Sensa Iliyowapita

Soma Hesabu 26:33, 51–55. Nchi ilitakiwa kugawanywa kwa utaratibu gani? Ni akina nani ambao utaratibu huo uliwaacha nje?

Israeli walikuwa wamepiga kambi katika nchi tambarare za Moabu, karibu na Yordani. Kizazi kilichotoka Misri kilikuwa kimefia jangwani. Musa na kuhani Eleazari waliwahesabu wanaume wenye miaka 20 na zaidi, wawezao kwenda vitani, nao wakawa 601,730. Hesabu hiyo ilikuwa pia msingi wa kugawa nchi, kwa kuwa kila jamaa ingepata fungu kulingana na wingi wa majina yake.

Katikati ya orodha hiyo ndefu ya wanaume limeingizwa fungu moja la ajabu. Selofehadi, mwana wa Heferi, wa kabila la Manase, hakuwa na wana wa kiume. Alikuwa na mabinti watano: Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa. Majina yao yameandikwa, lakini kwa utaratibu uliowekwa hayakuwa na fungu lolote.

Hatusomi kwamba mtu yeyote aliwachukia mabinti hawa au kuwafukuza. Orodha iliandikwa kama desturi ilivyokuwa, nao wakabaki nje. Dhuluma ya namna hii ni ngumu kuitambua, kwa kuwa hakuna anayejiona ameitenda. Kila mmoja anafuata alichokikuta.

Katika ukoo wenu, au katika kanisa lenu, kuna utaratibu gani ambao umemwacha mtu nje bila yeyote kukusudia?

JUMATATU
Shauri Mlangoni pa Hema

Soma Hesabu 27:1–7. Mabinti walisema nini? Musa alifanya nini kabla ya kujibu?

Hawakwenda kunung'unika kisimani. Walisimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, Eleazari, wakuu na mkutano wote. Hapo ndipo penye mamlaka ya juu kabisa, nao walikuwa wanawake wasio na baba, wala kaka, wala mume wa kuwasemea.

Shauri lao lilipangwa vizuri. Kwanza, baba yao alifia jangwani kama wengine. Hakuwa katika uasi wa Kora, hivyo hakuna sababu ya kulinyima jina lake haki. Pili, hakuacha mwana wa kiume. Tatu, waliuliza kwa nini jina la baba yao lifutwe katika jamaa yake kwa sababu hiyo tu. Kisha wakataja wanachotaka, yaani milki kati ya ndugu za baba yao.

Angalia pia imani yao. Israeli walikuwa bado hawajavuka Yordani, wala hawakuwa na shamba hata moja huko Kanaani. Mabinti hawa walidai fungu katika nchi ambayo hawajaiona, kwa kuwa waliamini kwamba Mungu atatimiza ahadi yake. Miaka karibu 40 kabla ya hapo, wapelelezi kumi walirudi kutoka nchi hiyo hiyo wakasema haiwezekani.

Musa angeweza kujibu kwa desturi, nayo ilikuwa upande wa wanaume. Badala yake alilipeleka shauri mbele za Bwana. Jibu likaja kwamba mabinti hao wamesema yaliyo haki, wapewe urithi. Mungu hakuwakemea kwa kusema mbele ya wazee. Shauri lao likawa sheria kwa Israeli wote (Hesabu 27:8–11).

Kiongozi anapoletewa lalamiko ambalo desturi imekwisha kulijibu, ajifunze nini kwa Musa?

JUMANNE
Hofu ya Wazee wa Ukoo

Soma Hesabu 36:1–12. Wakuu wa jamaa ya Gileadi walikuwa na hofu gani? Uamuzi uliotolewa ulilinda nini?

Habari hii haikuishia sura ya 27. Wakuu wa ukoo walikuja na hoja inayosikika hata leo: binti akiolewa kabila lingine, shamba litaenda na yeye. Hofu yao haikuwa ya kipuuzi. Ardhi ilikuwa chakula cha watoto wao na makaburi ya baba zao.

Neno la Bwana liliwapa nao haki yao. Mabinti waliambiwa waolewe na wanaume wawapendao, ila wawe wa kabila la baba yao. Nao wakaolewa na wana wa ndugu za baba yao. Lakini tuangalie kile ambacho hakikubadilika: urithi ulibaki wao. Wazee walisikilizwa, hofu yao ikatafutiwa njia, lakini haki iliyokwisha kutolewa haikufutwa. Mtu akiisoma sura ya 36 ili aifute sura ya 27, amesoma kinyume na ilivyoandikwa.

Ni vema pia tusiseme zaidi ya yaliyoandikwa. Sheria hii ilimpa binti urithi pale ambapo hakuna mwana wa kiume. Ilikuwa hatua moja, katika jamii yenye mioyo migumu na desturi nzito. Ndani ya Maandiko hayo hayo tunamwona Ayubu akienda mbele zaidi. Mabinti zake watatu walirithi pamoja na kaka zao, ingawa kaka hao walikuwapo (Ayubu 42:13–15). Baba anayemcha Mungu halazimiki kusubiri sheria imsukume.

JUMATANO
Shamba la Ukoo Kagera

Hoja za mabinti wa Selofehadi na za wakuu wa Gileadi zimesikika tena katika nchi zetu. Mwanamke mmoja Mhaya, mkoani Kagera, alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia halali. Uzee ulipomfikia naye hana wa kumtunza, mwaka 1988 aliliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Mwanamume wa ukoo wake akaenda mahakamani kupinga. Alitegemea kanuni za mila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963, ambazo zilimruhusu mwanamke kulitumia shamba la ukoo maisha yake yote, lakini si kuliuza. Mahakama ya Mwanzo ilikubaliana naye, na Mahakama ya Wilaya ya Muleba ikatengua uamuzi huo.

Mwaka 1990 shauri lilifika Mahakama Kuu, Mwanza, mbele ya Jaji James Mwalusanya. Aliamua kwamba kanuni hiyo inapingana na haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba ya Tanzania mwaka 1984, na kwamba mwanamke anaweza kuuza shamba la ukoo kama mwanamume anavyoweza. Ukoo nao haukuachwa bila kitu. Mwanamume yule alipewa miezi sita alikomboe shamba kwa kulipa shilingi 300,000 zile zile. Hofu ya ukoo ilitafutiwa njia, na haki ya mwanamke ikabaki, kama ilivyokuwa katika Hesabu 36.

Tangu hapo mengi yamebadilika katika maandishi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya Tanzania ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi, na inabatilisha mila inayomzuia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inataka ubaguzi wa kijinsia uondolewe katika sheria na desturi zinazohusu ardhi. Hata hivyo kanuni za mirathi za 1963, zinazomweka binti katika daraja la tatu nyuma ya kaka zake, ziliendelea kutumika. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia ubaguzi dhidi ya wanawake iliamua kwamba wajane wawili wa Shinyanga, walioondolewa nyumbani kwao chini ya kanuni hizo, walinyimwa haki zao na nchi yao.

Kwa nini sheria nzuri iliyoandikwa inaweza isimfikie mjane kijijini? Ni nani aliye karibu naye kuliko hakimu?

ALHAMISI
Mapokeo na Nyumba za Wajane

Soma Marko 7:9–13 na Marko 12:38–40. Yesu aliwalaumu viongozi wa dini kwa mambo gani?

Yesu hakudharau kila mila. Alihudhuria arusi, alikwenda Yerusalemu kwa sikukuu, aliingia katika sinagogi siku ya Sabato kama ilivyokuwa desturi yake. Alichokataa ni mapokeo yanayompa mtu ruhusa ya kuvunja amri ya Mungu. Kwa neno Korbani, mtu angeweza kuwanyima wazazi wake msaada na bado aonekane mcha Mungu. Na katika Marko 12 Yesu anawataja watu wawili ambao kwa kweli ni mmoja: anayeomba sala ndefu na anayekula nyumba ya mjane. Hukumu yao, alisema, itakuwa kubwa zaidi.

Soma Wagalatia 3:26–29. Paulo anasema walio wa Kristo, mwanamume kwa mwanamke, ni warithi. Petro anawaambia waume kwamba wake zao ni warithi pamoja nao wa neema ya uzima, na kwamba mume asiyemheshimu mkewe sala zake huzuiliwa (1 Petro 3:7). Ni vigumu kumwita dada mrithi wa mbinguni siku ya Sabato, kisha kumwambia Jumapili kwamba hana hata mgomba mmoja.

Yapo mambo ambayo kila familia inaweza kuyafanya. Baba aandike wosia angali hai, awataje na mabinti zake. Wanandoa waandikishe ndoa yao na kutunza cheti. Hati ya hakimiliki ya kimila iandikwe majina ya mume na mke wote wawili. Baada ya mazishi, mjane asiachwe peke yake. Wazee wa kanisa waombe kuketi naye kikaoni, na ikibidi wamsindikize Mahakama ya Mwanzo inapoteuliwa msimamizi wa mirathi.

IJUMAA
Tafakari Zaidi

Soma Yoshua 17:3–6. Musa alikuwa ameshakufa. Mabinti wa Selofehadi walikwenda mbele ya Eleazari, Yoshua na wakuu, wakawakumbusha agizo la Bwana. Haki iliyokwisha kutolewa ilihitaji kudaiwa tena, kwa viongozi wapya, siku ya kugawa mashamba. Wakapewa.

Katika Wazee na Manabii, Ellen G. White ana sura nzima kuhusu jinsi Mungu alivyowatunza maskini kwa sheria za ardhi na Yubile. Darasa linaweza kuisoma pamoja na somo hili.

Mwaka 1910 wachimbaji huko Samaria walipata vigae vya udongo vyenye maandishi ya wino, vya karne ya nane kabla ya Kristo, vinavyoorodhesha divai na mafuta yaliyoletwa kutoka sehemu mbalimbali za nchi ya Manase. Kati ya majina ya sehemu hizo yamo Noa na Hogla. Mabinti waliomba jina la baba yao lisifutwe. Karne nyingi baadaye, nchi ilikuwa ikiitwa kwa majina yao wenyewe.

Maswali ya Kujadili

1. Mzee mmoja anasema, "Mila ni ya baba zetu, kanisa lisiingilie mambo ya ukoo." Mtamjibuje kwa heshima, kwa kutumia Hesabu 27 na 36 pamoja?

2. Binti amepewa haki na mahakama, lakini akilichukua shamba ndugu zake watamtenga. Kanisa limshauri nini? Je, ni haki kumwambia "samehe" kabla ya kuwaambia ndugu zake "rudisheni"?

3. Ni wangapi darasani walio na wosia ulioandikwa? Kama ni wachache, ni nini kinachozuia: hofu ya kifo, hofu ya ukoo, au kutojua?

4. Yupo mjane au yatima katika eneo lenu ambaye shauri lake halijaisha? Chagueni wawili watakaomtembelea kabla ya Sabato ijayo, wakamsikilize, na kulileta jambo lake mbele ya wazee wa kanisa.