Eriali Fupi

Jambo linalomkosesha mtu usingizi si lazima liwe kubwa. Mimi nimesumbuliwa kwa miaka mingi na kipande cha waya. Ni eriali ya gari, ile fimbo ya kunasia mawimbi ya redio ambayo wengine huiita antena. Mwaka 1998 niliing'oa ile iliyokuja na gari nikaweka iliyo fupi zaidi, na tangu wakati huo nimekuwa nikijiuliza swali ambalo sijalipatia jibu la kuniridhisha: je, mtu ana hatia kwa jambo ambalo hakulisikia, ikiwa ni yeye mwenyewe aliyejipunguzia uwezo wa kusikia?

Nieleze kwanza ilivyokuwa. Gari lilikuwa dogo, la mtumba, kutoka Japani. Eriali yake ilisimama juu ya paa, upande wa mbele, na urefu wake ulikaribia mita moja. Nilikuwa nikililaza gari katika banda la bati kando ya nyumba yangu, Temeke, na fundi aliyelijenga banda hilo alikuwa amepima kwa macho tu. Kila jioni nilipoingia, ncha ya eriali ilikwama kwenye boriti, ikapinda, kisha ikajiachia kwa kishindo. Watoto wa jirani walikuwa wakiingojea sauti ile na kuiigiza. Ningeweza kushuka kila mara na kuilaza, au kulipandisha banda. La kwanza lilinichosha na la pili lilitaka fedha. Tena nisijifanye mwema: urembo nao ulikuwapo. Eriali fupi nyeusi, zilizovishwa mpira, zilikuwa zimeanza kuonekana kwenye magari ya vijana, na nilidhani hata gari langu lingepata sura ya ujana likiwa nayo.

Nikaenda Gerezani. Kijana muuza vipuri alinifungulia ile ndefu kwa koleo, akanifungia fupi, isiyozidi shibiri moja. "Bosi, hii inashika stesheni zote," akaniambia. Tukaijaribu palepale. Radio One, iliyoanza kutangaza mwaka 1994, ikaja safi kama mtangazaji kakaa kiti cha nyuma. Nikalipa. Ile ndefu niliifunga kwa gazeti nikaitia kwenye buti.

Hapa msomaji atangojea nimlaumu yule kijana. Sina la kumlaumu. Aliposema stesheni zote alikuwa na maana ya stesheni zote zilizokuwa zikisikika pale tuliposimama, na kwa maana hiyo alisema kweli. Mimi ndiye niliyelichukua neno "zote" nikaondoka nalo Gerezani, nikaenda nalo safari.

Wimbi la redio lina urefu wake. Stesheni ya FM inayotangaza katika megahezi 100 ina wimbi la mita 3, na eriali hufanya kazi vyema ikiwa na robo ya urefu huo, yaani sentimita 75 hivi. Ndiyo maana eriali za zamani zilikuwa na kimo kile. Katika zile fupi, waya huzungushwa kama springi ndani ya mpira, ili urefu unaokosekana nje upatikane ndani, na FM hunaswa vya kutosha. Lakini Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo siku hizi ni TBC, ilikuwa ikiwafikia watu wa mikoani kwa masafa ya kati na masafa mafupi, na mawimbi ya masafa ya kati yana urefu wa mamia ya mita. Mbele ya wimbi la mita 300, hata fimbo ya mita moja ni kijiti. Inaambulia kidogo sana, na kila sentimita unayoikata unaipunguza katika hicho kidogo. Fundi mmoja wa redio ndiye aliyenieleza hayo, baada ya mambo kuharibika. "Hapa mjini, mzee, hata ukichomeka msumari utashika," alisema. Nikamwuliza kuhusu vile vikuzaji vinavyofungwa kwenye shina la eriali. Akacheka. Kikuzaji, alisema, hukuza ulichonasa pamoja na makelele yake, usichokinasa kitakuzwaje?

Mambo yaliharibika Jumamosi moja ya mwezi wa Juni mwaka huohuo. Baba yangu alikuwa amekuja Dar es Salaam kutolewa mtoto wa jicho, na nilikuwa nikimrudisha kwake Lushoto. Jicho moja lilikuwa limefungwa bandeji na la pili lilikuwa likingojea zamu yake, kwa hiyo dunia yake siku hizo ilikuwa ya masikio. Hata alipokuwa mzima wa macho, redio kwake ilikuwa kama msikiti wa pili. Wakati wa matangazo ya vifo hakuna mtoto aliyethubutu kukohoa nyumbani kwetu. Baba alikuwa akisema kwamba habari za serikali zitakufikia hata ukikaa kimya, ila habari ya maiti ni lazima uitegee sikio.

Tulipopita Chalinze aliniomba nimwekee Radio Tanzania. Nikazungusha. Ikaja sauti kama ya mchele unaopepetwa, na ndani yake, mbali kabisa, mtu akisema maneno yasiyoshikika. Nikazungusha tena. "Zima tu, mwanangu," akasema, "labda mitambo yao ina hitilafu." Nikachomeka kaseti ya taarabu. Tukavuka daraja la Wami, tukapita Mkata, yeye akigonga goti kwa vidole kufuata ngoma. Tulifika njia panda ya Segera saa nane na dakika chache mchana. Tukashika mkono wa kushoto, kwenda Korogwe, Mombo na mlimani.

Siku iliyofuata alikuja kijana kutoka Muheza kutuambia kwamba shangazi yangu, dada pekee aliyekuwa amebakia wa baba, alifariki Jumamosi alfajiri na kuzikwa siku hiyohiyo alasiri. Walikuwa wametangaza redioni mchana. Walijua baba yuko Dar es Salaam, hawakuwa na namba ya simu ya kumpata, na waliamini kwamba popote alipo atakuwa anasikiliza.

Kutoka Segera, ukishika mkono wa kulia, Muheza haifiki mwendo wa saa moja.

Baba alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza, "Tulipita pale Segera saa ngapi?" Nikamjibu. Akatikisa kichwa. "Basi," akasema, "haikuandikwa." Nami nilikuwa nimesimama mbele yake, ninajua kwamba ile ndefu iko ndani ya buti, imefungwa kwa gazeti, na sikusema neno.

Nimejitetea kwa njia nyingi tangu siku hiyo. Utetezi wa kwanza ni kwamba sikujua. Aristotle, katika kitabu chake cha maadili, anazitaja sheria zilizomwadhibu maradufu mtu aliyekosa akiwa mlevi, kwa kuwa ujinga wake ulitokana na yeye mwenyewe: alikuwa na uwezo wa kutokunywa. Nilipolisoma hilo nilipata unafuu kidogo. Mlevi anajua kwamba pombe inaondoa akili, nikajiambia. Mimi ningejuaje habari za robo ya wimbi? Lakini unafuu huo haukudumu, kwa sababu nilikuwa ninajua. Nilipokuwa mtoto, baba alikuwa amefunga waya wa shaba kutoka kwenye redio yake, akaupitisha dirishani hadi kwenye mparachichi nyuma ya nyumba, na mimi ndiye niliyepandishwa mtini kuufunga. Alinieleza kwamba ukitaka kusikia mbali lazima uurefushe mkono. Huhitaji kujua hesabu ya mawimbi ikiwa umewahi kuukwea ule mparachichi. Nilichofanya Gerezani ni kutoliita jambo nililolijua, kwa kuwa lilikuwa likinizuia nisipate ninachokitaka.

Utetezi wa pili ni huu wa baba mwenyewe, kwamba haikuandikwa. Siuchezei, maana ni imani yangu pia. Ila kila Mwislamu anakijua kisa cha yule bedui aliyetaka kumwacha ngamia wake bila kumfunga kwa kisingizio cha kumtegemea Mungu, na anajua alivyojibiwa. Baba alikuwa na haki ya kusema haikuandikwa, kwa kuwa yeye aliomba redio iwashwe. Mimi niliyemfungua ngamia sidhani kama naweza kuliazima neno hilo.

Wa tatu ndio niliouegemea zaidi: kwamba huenda hata ile ndefu isingeshika. Pengine baba alisema kweli na mitambo ilikuwa na hitilafu. Wiki tatu baadaye nilikuwa na safari ya kwenda Korogwe. Niliirudisha ile ndefu mahali pake na kuondoka saa ileile tuliyoondoka siku ile. Nilipolivuka daraja la Wami nilisimama kando ya barabara nikazima injini. Nilikuwa nikitamani isishike. Naandika hivyo bila kona: mtu mzima amekaa peke yake ndani ya gari, akiomba redio yake iwe mbovu. Ikashika. Ilikuwa na mikwaruzo, na mara mojamoja sauti ilizama na kuibuka, lakini nilisikia jina la marehemu, jina la kijiji, na majina ya ndugu waliotakiwa kupata habari popote walipo.

Siku hizo nilikuwa mkuu wa kitengo katika ofisi iliyoshughulikia malipo ya wastaafu. Sitaitaja, kwa kuwa kosa nitakalolieleza lilikuwa langu. Asubuhi mlango wangu ulikuwa na watu: mstaafu wa Ilala, wa Kinondoni, mjane aliyepanda daladala mbili kutoka Mbagala. Walizungumza, walilia, wengine walinitukana, nami niliwashughulikia, na jioni nilirudi nyumbani nikiamini kwamba nimewasikiliza watu. Barua za Kigoma na Songea zilikuwa kwenye kabati la chuma nyuma ya kiti changu. Awali nilizisoma kila Ijumaa. Baadaye, kazi ilipozidi, nikazikabidhi kwa karani azipange kwa tarehe, na siku ya kuzisoma ikawa haifiki. Hakuna aliyelalamika. Angelalamikaje mtu ambaye malalamiko yake yamo ndani ya kabati? Ofisi yangu ilikuwa ikishika stesheni zote, kwa maana ileile ya kijana wa Gerezani. Jumatatu baada ya safari ya Wami nililifungua kabati hilo. Barua ya kwanza niliyoishika ilikuwa ya mwalimu wa shule ya msingi aliyeandika mara nne, mwandiko ukizidi kuwa mkubwa kila mara, kama mtu anayepaza sauti. Alikuwa anadai malipo ya miezi kumi na minne. Mengine ya kabati lile sitayasimulia. Baadhi ya wenye barua tuliwalipa warithi wao.

Rafiki yangu mmoja niliyemsimulia haya alisema nimejitwisha mzigo usio wangu, kwamba hakuna mwanadamu awezaye kusikia kila kitu, na kila eriali, hata iwe ndefu namna gani, ina mahali inapokoma. Ni kweli. Nilimwambia kwamba sijiulizi kwa nini sikusikia kila kitu; najiuliza nilipochagua kukata, nilikata upande wa nani. Akanijibu kwamba hilo ni swali la mtu asiyekuwa na kazi. Tukacheka, tukanywa kahawa.

Kwa baba sikupata kukiri. Alifariki mwaka 2006, akiwa anaona kwa macho yote mawili. Niliwahi kukaribia mara moja tu. Baada ya safari ile ya Korogwe nilimwita fundi mwingine, mwenye futi ya kupimia, akalipandisha banda kwa tofali tatu, na eriali ndefu ikawa inapita chini ya boriti bila kugusa. Mwaka 1999 baba alikuja tena Dar es Salaam. Jioni ya kwanza alizunguka uani, akasimama mbele ya banda akiliangalia, akauliza kwa nini nimeingia gharama ya kulipandisha.

"Eriali ilikuwa ikigonga, baba."

"Si ungeweka ile fupi tu, kama wenzako?"

Nikamwambia fupi hazishiki mbali. Alinitazama kwa muda, kisha akaniomba maji ya kutawadha.