Kicheko na Mwenye Sauti

Je, kicheko chaweza kuwa dhuluma hata pale anayechekwa ameridhia? Swali hili si geni kwetu tuliolelewa katika utani, lakini vipande vya sauti vinavyorushwa siku hizi toka simu hadi simu vimelitia uzito mpya.

Tuchukue mfano wa Marekani. Mwezi wa Julai 2010, mjini Huntsville, Alabama, mtu alipenya dirishani akajaribu kumnajisi mwanamke kitandani mwake. Kaka yake, Antoine Dodson, alisema mbele ya televisheni kwa ghadhabu, akiwaonya majirani wawafiche watoto wao. Ghadhabu ile ilikuwa ya haki. Haukupita muda, wanamuziki wakaigeuza wimbo, na dunia ikacheka. Ilipofika Halloween, sikukuu ya 31 Oktoba ambapo wenzetu hao hujivika umbo la mizimu na la watu mashuhuri, wengine walijifunga kitambaa chekundu kichwani, wakawa Dodson.

Tusiharakishe kuhukumu. Dodson alipata sehemu ya mapato, akaihamisha jamaa yake kutoka makazi yale, nani amlaumu? Hata hivyo, mtani wetu humcheka mtu aliye mbele yake, naye hujibiwa, tena mara nyingi kwa ukali zaidi. Sauti iliyokatwa haijibu. Hurudia neno lile lile, hata msikilizaji asijue tena kwamba lilitoka katika kilio. Na aliyeshambuliwa hakuwa kaka. Yeye aliweza kuuza ghadhabu yake mwenyewe. Hofu ya dada yake, iliyouzwa pamoja nayo, ilikuwa mali ya nani?