MSTARI MMOJA UKISOMWA VIBAYA UNAWEZA KUUA!

(Kwa kila aliyeokoka anayetaka kuwafundisha wengine Biblia)



Umeokoka, una Biblia yako, na moyo wako unawaka kuhubiri. Haleluya! Lakini nakuuliza: hilo unalofundisha, unalielewa? Filipo alimuuliza hivyo yule towashi wa Ethiopia (Matendo 8:30), naye hakuona aibu kukiri kwamba anahitaji mtu wa kumwongoza. Na wewe usione aibu.

Ninyi wa Geita, Nyarugusu na Kakola mnaijua kazi ya dhahabu. Je, mtu hutoa jiwe duarani akalipeleka moja kwa moja kwa mnunuzi? Thubutu! Jiwe linakwenda karashani lisagwe, mchanga wake unaoshwa mwaloni, ndipo dhahabu ionekane. Ilikuwemo tangu mwanzo, ila bila jasho huioni. Basi mbona mstari tunauokota asubuhi, na jioni tumeshaupandisha madhabahuni?

TUJARIBU MSTARI MMOJA

Fungua Kutoka 22:18. Pale torati inaagiza kwamba mwanamke mchawi asiachwe hai. Jamani, hapa Usukumani mstari huu si wa kuchezea! Kwa miaka mingi vikongwe wa Shinyanga na Geita wamekatwa mapanga, eti kwa sababu ya macho mekundu. Kumbe bibi wa watu macho yameharibiwa na moshi wa jikoni! Sasa mhubiri asimame, ausome mstari huo kwa kelele, akae bila kufafanua. Mwenye panga aliyeketi nyuma atasema, "Kumbe hata Biblia imeruhusu." Damu hiyo itadaiwa kwa nani? Yakobo 3:1 inaonya kwamba waalimu watapata hukumu kubwa zaidi.

Haya, tuufanyie kazi mstari huo.

1. ULIZA WALIAMBIWA NANI. Ni sheria ya taifa la Israeli, lenye waamuzi wake, si ya kundi la vijana usiku. Tena torati hiyo hiyo inakataza mtu kuuawa kwa neno la shahidi mmoja. Lazima wawe wawili au watatu (Kumbukumbu 17:6). Macho mekundu si shahidi!

2. LINGANISHA ANDIKO NA ANDIKO. Kumbukumbu 18:10-12 inamkataza mpiga ramli pamoja na mchawi. Basi anayekwenda kupigiwa ramli ili amjue mchawi, mwenyewe amekwisha kuivunja torati. Na hayo macho mekundu? Utayakuta Mwanzo 49:12, katika baraka ya Yuda, na Mithali 23:29, kwa walevi. Hakuna mahali yanapoitwa alama ya uchawi.

3. TAZAMA MITUME WALIFANYAJE. Simoni wa Samaria alikuwa mchawi. Petro alimwambia atubu (Matendo 8:22). Kule Efeso waliofanya mambo ya uganga walichoma VITABU vyao (Matendo 19:19). Hakuchomwa mtu.

4. ULIZA MSIKILIZAJI ATAFANYA NINI KESHO. Ukimwambia mchimbaji kwamba kila aliyeokoka lazima awe tajiri, siku duara likikosa kitu atakwenda wapi? Kwa mganga! Hagai 2:8 inataja fedha na dhahabu, lakini habari yake ni hekalu la Yerusalemu, si duara lako. Tusisahau: mwaka 2009 Mahakama Kuu, ikiwa Kahama, iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua mtoto wa miaka 14 mwenye ualbino huko Bukombe. Miaka ile waganga waliwadanganya watu kwamba viungo vya wenye ualbino vinaleta utajiri. Mafundisho mabovu hayawezi kumzuia mtu mwenye tamaa.

KISHA FUNDISHA

Fanya kama Walawi katika Nehemia 8:8: walisoma, wakaeleza maana, watu wakafahamu. Chukua jambo moja, si kumi. Kama bibi Kiswahili kinampiga chenga, mwambie kwa Kisukuma. Waache waulize maswali. Waberoya walimchunguza hata Paulo, wakasifiwa (Matendo 17:11). Nawe ukirekebishwa, usinune. Apolo alikuwa msemaji hodari, lakini alikubali kuelekezwa na Prisila na Akila, mafundi wa mahema (Matendo 18:26).

Ndugu yangu, mahali pako kuna bibi anayelala kwa hofu. Neno likifundishwa sawasawa, mlango wake utakuwa salama, na wajukuu zake watakuja kumwangalia badala ya kumkimbia.

Je, uko tayari? Omba hivi kwa imani:

"Bwana Yesu, nifungue akili niyaelewe Maandiko. Nizuie nisiseme usilosema. Nipe bidii ya kujifunza, na upendo kwa hao ninaowafundisha. Amina."

Sasa fungua Matendo 8, uisome yote, kisha mweleze mtu mmoja nyumbani kwako leo. Ukimaliza kusoma karatasi hii, usiitupe. MPE MWENZAKO!